Kioo cha Mwisho Kutoka Tanurini

Asubuhi ya somo la kwanza, Marcella Toth alimtukana ndege mbele za watu.

"Hebu tulia, mshenzi wewe," alimwambia, darubini imeibana miwani yake, shingo ameivunjia nyuma kama mtu anayetiwa dawa ya pua. Ndege hakutulia. Hakuna hata mmoja wa jamii hiyo anayetulia. Ni vindege wa machipuko, wepesi kuliko funguo za gari, wanaotoka kusini kwenye joto wakiruka usiku, na kukikucha wanajitupa kwenye kijipori cha mwisho kabla ya maji ya Ziwa Erie, wapate kula viwavi, wapumue, kisha wavuke. Kila Mei wanakuja, na kila Mei watu wa pwani ile wanasimama kwenye njia ya mbao midomo wazi wakitazama juu.

"Huyo ni matako-siagi," alisema Corinne Baird, jirani yake, ambaye aliendesha basi la shule hadi akastaafu na bado alizungumza kama anayewanyamazisha watoto wa viti vya nyuma. "Mwone kiunoni. Kapakwa siagi."

"Siagi gani? Mimi naona majani na tumbo."

"Basi jifunze matumbo, bibie. Hawa hawamwonyeshi mgeni sura."

Na kweli, somo lilikuwa la matumbo. Mwalimu alikuwa Dwight Overmyer, daktari wa meno mstaafu na mwenyekiti wa klabu ya ndege, mzee mpole mwenye sauti ya kumtuliza mgonjwa kabla ya sindano. Aliwaingiza ndani ya nyumba mpya ya klabu, akaweka mezani sinia lililotandikwa pamba. Juu ya pamba walilazwa vindege chali, miguu imekunjwa.

"Wao wako juu ya mti, nyinyi mko chini," alisema. "Msihangaike na mgongo, hamtauona. Tazameni hapa, chini ya mkia. Huyu mkia mweupe, ncha nyeusi, kama kachovya kwenye wino. Huyu ana njano hadi mwisho. Huyu ana mistari mbavuni. Mkiyajua haya, mmekwisha kuwajua nusu yao."

Marcella aliinamia sinia. Kwa mara ya kwanza aliwaona wametulia. Walikuwa wazuri hadi ikamkera, kwa sababu alikuwa ameishi maili chache kutoka hapo miaka yote na hakuna aliyewahi kumwambia.

"Umewapata wapi hawa, daktari?"

"Wa akiba," Dwight alisema, akifuta miwani yake. "Klabu ina friza."

Marcella aliamini. Mwanamke aliyewahoji wasimamizi wa kiwanda kwa nusu ya umri wake, aliyewafanya wenye suti watokwe jasho wakati wa baridi, alilimeza jibu lile kama uji. Aliamini kwa sababu mzee alikuwa mpole. Tena aliamini kwa sababu nyuma ya kichwa cha mzee, kikienea ukuta mzima na kutazama kijipori na matete, kilisimama kile kioo.

Kioo kile kilikuwa chake. Si chake peke yake. Cha zamu nzima ya mwisho.

Kiwanda cha vioo kilipofungwa watu waliambiwa kwa tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa choo. Marcella hajalisahau. Alikuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi katika idara ya ukaguzi wa vioo, na akawekwa foleni ya kusoma kufukuzwa kwake pamoja na watu waliobanwa na mkojo. Tanuru la kioo halizimwi kama taa, kwa hiyo zamu ya mwisho iliamriwa imalizie kilichomo. Kikatoka kioo kimoja kirefu, hakina kiputo, hakina wimbi, hakina hata unywele wa mkwaruzo. Kizuri kuliko vyote walivyowahi kutengenezea matajiri. Msimamizi akasema kivunjwe, kirudi kwenye mabaki. Louie Toth, mdogo wa mume wa Marcella, akamjibu kwamba kikivunjwa kitavunjiwa kichwani mwa anayesema. Wakakitoa kwa mlango wa nyuma juu ya magodoro, wakakificha kwenye ghala la mahindi la Louie.

Emery, mume wa Marcella, alikuwa mmoja wa waliokibeba. Alikufa baadaye, mapafu yamejaa vumbi la mchanga. Daktari wa kampuni aliandika kwamba ni sigara. Emery hakuwahi kuvuta sigara hata moja. Wakaguzi wa serikali walipokuja enzi zile, kila anayekohoa alipewa ruhusa ya siku hiyo, sakafu ikapigwa maji alfajiri kabla ya geti kufunguliwa, na wakaguzi wakakuta kiwanda kinachong'aa na watu wenye afya. Marcella aliyaeleza haya kwenye kila mkutano uliomruhusu kusimama, na mingine isiyomruhusu.

Makumbusho ya mji walikikataa kioo. Maktaba wakakikataa. Ni klabu ya ndege tu, iliyokuwa inajenga nyumba yake kando ya matete, ndiyo iliyosema kileteni. Louie alichonga kwenye pembe ya chini, kwa mashine inayorusha mchanga, majina yote ya zamu ya mwisho, wazima na marehemu. Kikasimamishwa theluji ilipoyeyuka. Jumamosi ya kati ya Mei ndiyo ilipangwa kukizindua rasmi, na kila aliyebaki wa zamu ile angekuja na wajukuu wake. Hakuna mahali pengine duniani ambapo majina yale yameandikwa, ukitoa mawe ya makaburini.

Kwa hiyo kila Ijumaa, siku ya somo, ikifika jioni Marcella alikisugua kwa siki na magazeti makuukuu, ndani na nje, mpaka huwezi kujua kwamba kipo. Hayo ndiyo mafunzo ya kiwandani: kioo unachokiona kina kasoro. Corinne alikuwa akimcheka.

"Utakimaliza, mwenzangu. Kitabaki fremu."

"Kikibaki fremu ujue nimefanya kazi vizuri."

Ijumaa ya mkesha wa uzinduzi mvua ilimzuia. Akaamua kuja alfajiri ya Jumamosi yenyewe, na ndoo na siki na magazeti, akimalize kabla ya watu. Usiku ulikuwa wa ukungu mzito ulioshuka kutoka ziwani, na kulipopambazuka ulikuwa bado umekaa kwenye matete kama moshi wa jiko bovu. Aliegesha gari, akasikia vindege wakiita kila mahali kichakani, wengi ajabu, akatabasamu peke yake. Aliwatambua wawili kwa sauti kabla hajafika kwenye njia. Alitaka kumwambia mtu.

Akakunja kona ya nyumba.

Dwight Overmyer alikuwa chini ya kioo, amevaa viatu vya mpira, ameinama na ndoo. Aliokota kitu, akakiweka ndoani taratibu, akasogea hatua, akaokota kingine. Kwenye changarawe, kutoka ukuta hadi ukuta, walitapakaa.

Kwanza Marcella aliona rangi. Njano, machungwa, samawati, rangi ambazo asubuhi ile ya kijivu haikuwa nazo mahali pengine popote. Kisha akaona matumbo. Wote walikuwa chali au ubavu, na bila kutaka, kabla akili haijampa ruhusa, kichwa chake kilianza kazi aliyofundishwa. Mkia mweupe ncha ya wino. Mbavu zenye mistari. Njano hadi mwisho. Koo la rangi ya moto, ambalo alikuwa amelitafuta wiki zote kwenye vilele vya miti hadi shingo ikamuuma, liko pale miguuni pake, mdomo wazi, tone jekundu kwenye ncha. Hakukosea hata mmoja. Ulikuwa mtihani, na alikuwa anafaulu.

Pu.

Haikuwa sauti kubwa. Kama mtu ameangusha soksi iliyokunjwa. Kindege alitoka kichakani, akalenga miti iliyoakisiwa ndani ya kioo, miti mizuri, mibichi, isiyo na kasoro, akaanguka karibu na kiatu cha daktari. Mbawa zikatetemeka, zikaacha.

Dwight aliinua uso, akamwona.

"Marcella," alisema. "Umewahi."

Marcella aliipindua ndoo yake, akakaa juu yake, magazeti mapajani.

"Ndio wale wa kwenye sinia," alisema hatimaye.

Dwight aliinamia changarawe, akaokota mwingine.

"Daktari, nakuuliza. Wale niliojifunzia. Mkia huu, mkia ule."

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu walipoanza kufika. Sio kila siku. Siku za ukungu ndizo mbaya. Na Jumamosi." Aliitazama siki iliyokuwa kando yake, kisha akatazama pembeni haraka, lakini Marcella alikuwa amekwisha kuona.

Jumamosi. Baada ya Ijumaa.

Mikono yake, mikono iliyokuwa inanuka siki mpaka Jumatatu, aliishika pamoja kama ya mtu mwingine.

"Na kila siku unakuja kabla ya geti," alisema. "Unafagia. Watu wakija wakute pasafi."

"Siwezi kuwaacha wageni waone haya. Kuna watoto."

"Mimi nimekulia mahali wanapofagia kabla ya geti," Marcella alisema. Sauti haikupanda. Angekuwa Dwight mtu wa kiwandani, angejua kwamba hapo ndipo pa kuogopa. "Najua kunavyofagiwa. Mume wangu alifagiwa hivyohivyo. Wewe ulikaa mstari wa mbele nilipoyasimulia hayo, ukafuta machozi."

"Nilifuta kwa sababu yalikuwa machozi, Marcella."

"Kuna dawa ya hiki kitu?"

Dwight aliweka ndoo chini. Sura yake ilikuwa imezeeka ghafla.

"Ipo. Kila mtu wa ndege anaijua. Unachora mistari upande wa nje, kioo kizima, iachane vidole vitatu. Wanaona hapapitiki. Hawagongi."

"Uliijua lini?"

"Kabla hatujakisimamisha."

Ndege walikuwa wanaimba kichakani kwa nguvu zote. Marcella alimkodolea macho kama aliyeambiwa kwamba jua halitachomoza.

"Kabla," alisema.

"Ulikuja na kile kioo kwenye lori. Nyuma yako wamesimama wanaume wazima wanalia. Ukasema, atakayegusa kioo hiki nitamvunja mikono. Ulisema hivyo, usikatae. Na ukasema hakuna kioo kingine safi kama hicho katika bara hili. Sasa, ni nani kati yetu angeinua mkono aseme, mama, tunaomba tukichorechore?" Alimeza mate. "Tulipiga kura. Tukakuonea huruma. Halafu, nikwambie kweli, tulikuogopa."

Maishani mwake Marcella alikuwa ameitwa mengi na wenye suti: mchochezi, mropokaji, mwanamke asiye na mlango mdomoni. Alijivunia yote. Hakuwahi kufikiri kwamba siku moja kelele zake zingekuwa ndizo pazia, kwamba nyuma ya sauti yake mtu angeokota maiti na kunyamaza. Kwa miaka yote aliamini waongo ni wale wanaolipwa. Hawa hawakulipwa hata senti. Walimdanganya kwa upendo, na waliokufa ni wengi vilevile.

Pu.

Alisimama. "Rangi mnayo?"

"Marcella, watu wako wanafika saa nne."

"Nimekuuliza rangi."

"Stoo. Nyeupe, iliyobaki ya uzio. Lakini subiri kwanza. Subiri mzindue, wapige picha, Jumatatu nitaleta—"

"Na leo wagonge kwa ajili ya picha?"

Alikwenda stoo mwenyewe. Corinne alipofika na maandazi yake yenye sukari kwa ajili ya sherehe, alimkuta mwenzake juu ya ngazi, akipima kwa vidole vitatu na kuvuta mstari mweupe kutoka juu hadi chini kwenye kioo alichokiabudu. Corinne alitazama kioo, akatazama changarawe, akatazama ndoo ya Dwight. Sanduku la maandazi likampinduka mkononi.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi," Marcella alisema. "Shika brashi ile. Wewe upande wa kushoto. Chora nene, usichore kama unayejipaka wanja."

"Na wewe daktari ulijua?"

"Alijua. Utamtukana baadaye, mstari kwanza."

Walipaka watatu. Dwight alipaka chini kwa sababu ya magoti, na kila alipomkuta ndege njiani alimhamisha kwa mikono miwili. Ukungu ulianza kunyanyuka. Waliendelea hadi kioo chote kikawa kama karatasi ya shule, isipokuwa mahali pamoja. Pembe ya chini, penye majina, Marcella aliiacha. Eneo la meza ya jikoni tu. Alipitisha brashi karibu nalo mara mbili, mara zote mkono ukarudi wenyewe.

"Hapo?" Dwight aliuliza.

"Hapo padogo."

Dwight alifungua mdomo, akaufunga. Marcella alimwona akifunga, na bado hakumuuliza.

Watu wa kiwanda walifika kwa magari yao, wazee waliovaa mashati ya kupigwa pasi, wake zao na vyungu vya kuku wa pilipili tamu ya paprika, wajukuu wakikimbia. Kelele zilikuja hadi kona ya nyumba, zikakatika hapo. Walisimama wakitazama. Mmoja alivua kofia kama msibani.

Louie Toth alipita mbele. Alikuwa mtu mnene, mfupi, anayepumua kwa sauti. Mchanga ule ulikuwa umeanza kumdai na yeye.

"Shemeji," alisema. "Nani kafanya ushenzi huu?"

"Mimi."

"Usinitanie leo."

"Sitanii, Louie. Njoo uone." Alimwonyesha ndoo. Dwight hakuwa ameimwaga. Marcella alikuwa amemkataza. Louie alichungulia, akarudisha kichwa nyuma.

"Ndege."

"Wa asubuhi moja. Kioo chetu kimewaua. Kimekuwa kikiwaua tangu walipoanza kufika, na mimi kila Ijumaa nakinoa."

"Ndege hufa, shemeji. Paka wanakula ndege. Tumekificha kile kioo kwenye ghala, panya wakila mahindi yangu, ili leo uje ukipake chokaa kama banda la kuku?" Sauti yake ilikwaruza. "Emery alikibeba kwa bega hili na hili."

"Najua alivyokibeba. Nilishika mlango."

Mzee aliyevua kofia aliirudisha kichwani. "Siku zote huyu mwanamke," alisema, si kwa sauti ya chini. "Hata msiba wetu lazima augeuze mgomo." Akamshika mkewe mkono, wakarudi kwenye gari, na chungu chao. Injini ikawaka. Hakuna aliyewazuia.

Louie alikuwa amekwenda kwenye pembe. Alipiga goti moja kwa shida, akaweka kiganja juu ya majina, pale palipoachwa safi, penye kijani cha kichaka kikimetameta ndani. "Afadhali hapa umeona haya," alisema. "Hapa angalau—"

Kindege alitoka kichakani chini kabisa, usawa wa magoti. Marcella alimwona akija na akajua anakokwenda. Alipita kando ya sikio la Louie, akagonga kwenye majina, kati ya vidole vyake na fremu. Pu. Akaangukia kwenye mkunjo wa suruali ya mzee.

Louie alimtazama mapajani mwake, kisha akamwokota kwa vidole vile vinene vilivyokwishaungua kila mahali, akamgeuza. Alikuwa wa kijani hafifu, hana mstari, hana mkufu wa rangi shingoni, hana alama yoyote. Jicho lilikuwa bado wazi. Likafifia wakiwa wanalitazama.

"Bado ana joto," Louie alisema. Alisema kama mtu aliyeudhiwa. "Ana joto kama mkate."

Marcella alipiga magoti kando yake.

"Ni nani huyu?" Louie aliuliza. "Wewe si unajifunza?"

Alitazama chini ya mkia. Alitazama mbavu, koo, miguu. Dwight alikuwa amesimama nyuma yao.

"Simjui," Marcella alisema. "Huyu simjui."

Louie alipumua, mchanga ukilia kifuani mwake. Kwenye kioo, juu ya herufi alizozichonga mwenyewe, palibaki doa dogo la vumbi la manyoya, lenye umbo la bawa. Alinyoosha kidole alifute, akaacha. Akavua kofia yake, akamweka ndege ndani, akaiweka kwenye changarawe.

"Lete hiyo brashi."

"Louie, naweza kuchora hapa kwa uangalifu, nipitishe kati ya—"

"Vidole vitatu ulisema. Kati ya majina yetu hakuna nafasi ya vidole vitatu, nimeyachonga mimi, najua." Alishika fremu, akajivuta akasimama. "Anza na langu. La Emery nitalipaka mwenyewe."

Rangi ilikuwa imeanza kuganda koponi. Marcella aliongeza maji kidogo, akakoroga kwa kijiti. Akaanza kutoka juu ya herufi ya kwanza ya jina la Louie, akashuka.